Kifuniko Kimoja, Dumu Moja

Du. Du. Du. Kisha kimya kidogo, na: tong.

Mshonaji aliisikia sauti hiyo akiwa bado amefumba macho, mtoto amemlalia kifuani. Hakuhitaji kuona. Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, mama mkwe wake aliingia stoo na kuyagonga madumu yake ya maji kwa kifundo cha kidole, moja baada ya jingine, kama daktari anayegonga mgongo wa mgonjwa wa kifua. Dumu lililojaa hujibu du. Lililopungua hujibu tong. Na tangu Mshonaji aolewe katika nyumba ile, hakuwa amewahi kusikia tong.

Aliukaza mkono wake mgongoni mwa mtoto. "Kikombe tu," alijiambia. "Mimi nimechota kikombe kimoja kila dumu. Kikombe hakiwezi kulia tong."

Alipofika jikoni, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, mikono mitupu.

"Kuna mtu amegusa maji yangu," alisema. Hakupaza sauti. Heri angepaza.

Shemeji yake Mshonaji, mdogo wa mumewe, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, anakunywa chai. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, karakana yake iko hapo hapo ubavuni mwa nyumba, na mtaa mzima walimwita Cheche, kwa kazi yake na kwa ulimi wake pia.

"Labda panya, Mama."

"Panya gani anayefungua kifuniko cha kuzungusha?"

"Panya wa siku hizi wamesoma."

"Cheche, usinifanye rika lako."

"Haya, yaishe. Ila mimi usiniangalie. Mimi na madumu yako wapi na wapi? Mtu una bomba ndani ya nyumba, unalinda madumu kama mahari!"

"Bomba!" Mama alicheka bila furaha. "Bomba ni la siku njema, baba. Siku mbaya haina bomba." Kisha akamgeukia Mshonaji. "Na wewe, mama?"

"Si mimi, Mama."

Neno lilitoka laini kama uzi unaopita kwenye tundu la sindano. Ulaini huo ndio uliomtisha.

Mto ulikuwa mwisho wa mtaa. Ulikuwa mto mpole, wa watoto kurushia mawe, na waliohamia karibuni hawakuuhofia. Mama alikuwapo ulipopanda mara ya kwanza. Siku zile Cheche alikuwa anatambaa, kaka yake ni mtoto wa shule, na kati yao kulikuwa na msichana. Nyumba yao haikuanguka siku ile na hakuna aliyezama. Gharika ilipopungua, Mama alichota maji kwenye kisima cha jirani, akayanyanyua juani, akayaona meupe, akampa binti yake kwa mkono wake mwenyewe. Msichana akaharisha, akaishiwa nguvu, akazimika kama mshumaa. Mama hakuisimulia habari hiyo mara nyingi. Alipoisimulia, aliimaliza kwa maneno yale yale: "Yalikuwa meupe."

Tangu hapo hakuyaamini tena macho yake. Aliamini dumu ambalo halijawahi kuonja mafuta wala sabuni, lililosuguliwa ndani na kusuuzwa, likajazwa hadi shingoni, likatiwa dawa ya maji kwa kipimo, likafungwa, likakaa gizani juu ya mbao, mbali na jua, mbali na sakafu, na kubadilishwa kila msimu. "Kifuniko kimoja, dumu moja," aliimba akipima dawa kwa kifuniko cha chupa yake, kama watu wengine wanavyoimba wakibembeleza mtoto. Kando ya madumu, msumarini, lilining'inia begi la siku ya siku: tochi, redio ndogo, kiberiti ndani ya nailoni, sufuria, jagi, vikombe, na, tangu mjukuu azaliwe, kopo la maziwa ya unga. Sheria ilikuwa moja. Hakiguswi kitu mpaka siku ya siku.

Mtaani walimwita Mama Madumu. Kinyozi wa nyumba ya pili ndiye aliyembatiza. Kila akimwona na dumu jipya alipiga kelele kutoka kwenye kiti chake cha kunyolea: "Mama Madumu! Safina ikiwa tayari unishikie nafasi, hata kwa wanyama!"

Sasa Mshonaji alikuwa ameivunja sheria. Baada ya kujifungua alishikwa na homa kali, na ilipomwachia, maziwa yake yalikuwa yamekatika. Mtoto, aliyempa jina la utani Kifungo kwa sababu alizaliwa mdogo na mviringo, alikua kwa maziwa ya kopo. Juma lile bomba lilianza kutoa maji ya rangi ya chai. Milimani kulikuwa kunanyesha, walisema watu, ingawa mjini jua liliwaka. Mshonaji aliyachuja kwa kitambaa, akayachemsha, yakabaki na rangi. Ndani ya stoo, hatua chache kutoka kitandani kwake, kulikuwa na maji safi kuliko yote mtaani. Angeweza kuomba. Lakini mke aliyekwisha kushindwa kunyonyesha hana hamu ya kusimama tena mbele ya mama mkwe na kusema: naomba. Akachota kwa siri, leo kikombe dumu hili, kesho kikombe dumu lile, kwa zamu, kama mwizi mwenye adabu.

Lakini tong ile haikuwa yake.

Alasiri, Mama alipokwenda kununua dawa nyingine, Mshonaji aliingia stoo na jagi la maji aliyoyachuja na kuyachemsha, arudishe alichochota kabla hakijajulikana. Alifungua madumu yote. Lile la mbele, lililolia tong asubuhi, lilikuwa limejaa hadi shingoni. Alisimama akilitazama, akaligonga: du. Mama hakulijaza, maana tangu asubuhi hakuingia tena humo. Nani, basi? Na kwa maji gani? Hakuthubutu kufikiri sana. Alirudishia vikombe vyake, akachukua chupa ya dawa rafuni, akatia kila dumu kifuniko kimoja. Kisha, kwa kuwa mkono wenye hofu haujui kipimo, akatia cha pili.

Kesho yake asubuhi: du, du, du, du, du, du.

Mama alitoka stoo amepauka. "Limejaa."

"Si vizuri hivyo?" Cheche aliuliza, macho kwenye kikombe chake.

"Nani amelijaza?"

Cheche alipuliza chai yake.

"Dumu linalopungua naweza kulielewa," Mama alisema polepole. "Kiu haina haya. Lakini dumu linalojijaza lenyewe, hilo ndilo linaloninyima usingizi." Akarudi ndani na kufunga mlango. Mshonaji akasikia vifuniko vikizungushwa, kimoja kimoja. Safari hii Mama hakuimba.

Siku zilizofuata hakuna aliyeyagusa madumu. Bomba lilisafika kidogo, na nyumbani watu walisalimiana kwa adabu ya wagonjwa waliolazwa wodi moja.

Gharika ilikuja na jua. Hapakuwa na wingu hata la kufutia jasho. Mshonaji alikuwa kwenye cherehani yake anapiga pindo la suruali, akasikia mtaa umenyamaza, kisha sauti ya Kinyozi, safari hii bila mzaha wowote: "Pandeni! Mto umetoka! Pandeni juu!"

Maji yaliingia getini taratibu, ya kahawia, yamebeba kiatu kimoja na majani makavu. Yalivuka kizingiti bila kubisha. Mshonaji alimnyakua Kifungo kitandani, akachukua chupa yake ya maziwa na furushi la nguo. Mama alikuwa tayari kwenye ngazi na begi la siku ya siku mgongoni, anaelekeza kwa kidole.

"Madumu, Cheche! Madumu!"

"Mtungi wa gesi je, Mama?"

"Uache! Madumu!"

Yule aliyeyatukana madumu miaka yote aliyabeba mawili mawili, mishipa ya shingo imemsimama, anapanda ngazi za zege zisizo na kingo huku maji yakimfuata, ya magotini, ya mapajani. Alipanda mara ya kwanza, akapanda mara ya pili. Aliposhuka mara ya tatu, mlango wa stoo ulikuwa umebanwa na maji, ukakataa kufunguka. Akapiga teke, akapiga bega, mwishowe akarudi juu analaani. Manne kati ya sita. Yalitosha.

Ghorofa ya juu ilikuwa bado ndoto ya mumewe Mshonaji, dereva wa lori aliyekuwa safarini ng'ambo ya daraja. Kila aliporudi aliongeza tofali. Kulikuwa na kuta za kimo cha kiuno, nondo zilizochomoza kama vidole, rundo la mbao zilizotumika kumwagia zege, na mbingu ndiyo paa. Mshonaji alijaribu simu. Mtandao ulikuwa umekufa. Alitazama chini uani, akaona pipa la dizeli la karakana limepinduka, na makopo ya rangi yanaelea yamefunguka. Juu ya maji yote palitanda utando unaometameta rangi saba, mzuri wa kuangalia, wa kutapisha kwa harufu.

"Hayo hata uyachemshe mpaka kesho," Mama alisema pembeni yake, "yatabaki sumu."

Chupa ya Kifungo iliisha kabla jua halijafika utosini. Mama alifungua begi, akatoa kopo la maziwa ya unga, akalifuta vumbi kwa upindo wa nguo yake. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho Mshonaji hakuwahi kukiona, karibu kiwe furaha. Miaka yote ya kuchekwa ilikuwa imefika mahali ilipokuwa ikienda.

"Leta kikombe," alisema, akazungusha kifuniko cha dumu la kwanza.

Harufu ilitoka kabla ya maji. Ilikuwa kali, ya kuchoma pua, ya wodi iliyopigwa deki. Mama alirudisha kichwa nyuma. Akamimina kidogo kiganjani, akanusa, akafungua dumu la pili, la tatu, la nne. Yote yalikuwa hivyo hivyo. Alipoinua uso, ile furaha haikuwapo tena.

"Hii si dawa yangu," alisema. "Dawa yangu naijua. Ni kifuniko kimoja, unainusa kwa mbali kama jirani anayefua. Hii ni nini? Nani ametia nini humu?"

"Kwani yana nini?" Cheche alisogea, akanusa, akakunja uso. "Mbona safi tu? Yana harufu ya dawa."

"Dawa ya kung'arishia nguo ina harufu hii hii! Na ile asidi yako ya kusafishia vyuma, unaiweka wapi?"

"Mama! Asidi yangu ina kabati lake na kufuli lake! Unanituhumu mimi?"

"Nalituhumu dumu lililojijaza lenyewe! Lilijazwa kwa chombo gani? Kwa ndoo gani? Ile unayozamishia vyuma vya moto?"

"Mimi si mtoto wa kuulizwa mbele za watu!"

"Watu gani? Kuna shemeji yako, kuna mtoto, kuna jua. Nani mwingine?"

"Kuna Kinyozi," sauti ilisema kutoka juu ya paa la jirani, ng'ambo ya uchochoro uliokuwa sasa mfereji. Alikuwa amekaa juu ya bati, taulo la kunyolea kichwani, miguu inaning'inia. "Lakini endeleeni. Mimi sina pa kwenda."

Kifungo alianza kulia. Kilianza kile kilio kidogo cha kuuliza, kikapanda, kikawa kilio cha kudai. Mshonaji alimhamisha bega hadi bega. Midomo ya mtoto ilikuwa mikavu, inatafuta, inafyonza shingo yake, inafyonza kola ya gauni, haipati kitu.

"Tuyachemshe," alisema. "Mama, mbao zipo, kiberiti kipo. Tuyachemshe tumpe."

"Moto unaua kidudu, mwanangu. Hauui sumu." Mama alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye tofali, dumu katikati ya magoti yake kama ngoma isiyo na mpigaji. "Sitampa mtoto maji nisiyoyajua. Nilishampa mmoja."

Juu ya bati, Kinyozi alivua taulo kichwani.

Jua lilipanda. Maji yalipanda pia, ngazi moja, kisha nyingine. Kilio cha Kifungo kilianza kukatika katikati, na kila kilipokatika Mshonaji alitamani kirudi. Mtoto anayelia ana nguvu ya kulia. Alimtazama mama mkwe wake aliyekuwa akilinusa dumu tena na tena kana kwamba pua ingeweza kukumbuka kitu ambacho watu wamekificha. Akaelewa jambo ambalo lilikuwa mbele yake tangu alfajiri ile. Maji yale hayakuwa na sumu wala usalama. Yalikuwa na siri, na siri haina harufu yake mwenyewe. Kujua kilichomo kulihitaji mtu mmoja afungue kinywa.

"Ni mimi, Mama."

"Wewe nini?"

"Nilichota. Maji ya Kifungo, bomba lilipochafuka. Kikombe kikombe. Siku ile ya tong niliogopa, nikarudishia maji niliyoyachemsha, nikatia dawa. Ile ile yako, ya rafuni. Vifuniko viwili kila dumu." Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini sauti ilikuwa imara. "Hakuna nilichotia kingine. Naapa kwa huyu niliyembeba. Ila dumu la mbele nililikuta limekwisha jazwa. Hilo silijui."

Mama alimtazama muda mrefu. "Kwa nini hukuniomba?"

"Niliona nimekwisha kuomba mengi."

Mama alilisukuma dumu pembeni. Wote wawili wakageuka wakamtazama Cheche.

Cheche alikuwa amesimama ukingoni, mikono kiunoni, anatazama karakana yake ikizama. Taya lake lilikuwa linacheza.

"Msiniangalie hivyo."

"Cheche," Mama alisema.

"Nimesema msiniangalie!"

"Baba, sikuulizi nikuadhibu. Nakuuliza nijue kama mjukuu wangu anakunywa au hanywi."

Kifungo alitoa sauti ndogo, kama mlango unaofungwa mbali. Cheche aligeuka. Uso wake ulikuwa mwekundu kama chuma kilichotoka motoni.

"Haya! Nilikuwa nayanywa!" alifoka, kana kwamba wao ndio wakosaji. "Mmefurahi? Nayanywa! Stoo kuna giza, maji yana baridi kuliko maji yoyote mji huu. Mtu nimeshinda kwenye moto mchana kutwa, nirudi ninywe ya bomba yenye moto? Nilikuwa nakunywa jagi zima. Leo hili, kesho lile, kisha narudishia. Siku ile nilisahau zamu, nikalirudia la mbele."

"Na kulijaza?"

"Kwa maji ya bomba, kwa ndoo mpya, bado ina karatasi ya dukani. Asidi haikusogea hata hatua. Halafu nikatia dawa."

"Ngapi?"

Cheche alikohoa. "Viwili viwili. Madumu yote. Sikukumbuka ni yapi niliyagusa."

"Viwili!" Mama alisema.

"Na wewe je, Mama?" Mshonaji aliuliza kwa sauti ya chini. "Siku ile uliyojifungia?"

Mama alijitazama mikono.

"Niliogopa," alisema mwishowe. "Nikatia. Nikajiambia, kama kuna mtu ametia maji mabichi, kimoja hakitoshi. Nikatia tena."

Maji yalikuwa yanalamba ukuta. Kisha kutoka juu ya bati Kinyozi alisema: "Kwa hiyo nyumba nzima mmekuwa wauguzi wa madumu. Hata kidudu chenyewe kikiingia humo kitaomba miwani ya kuogelea."

Aliyeanza kucheka ni Mama. Alicheka akiwa amekumbatia dumu, akacheka mpaka akafuta macho, na Mshonaji hakuweza kujua ni wapi kicheko kilikwisha na kilio kikaanza. Kisha akasimama, na aliposimama alikuwa Mama Madumu tena, kidole juu.

"Ni dawa tu, basi. Dawa imezidi, na dawa naijua inavyotoka. Baada ya gharika ile tulikuwa tunapewa maji makambini, yana harufu kama haya. Ukiyafunika, harufu inabaki. Ukiyafunua juani, ukayarusharusha, ukayapa moto bila mfuniko, inaondoka yenyewe. Cheche, mbao! Shemeji yako ampooze mtoto kwa kitambaa. Mimi namimina."

Cheche alipasua mbao kwa kisigino, akaziegemeza katikati ya matofali matatu. Kiberiti kilikuwa kikavu ndani ya nailoni yake. Mama alimimina maji kutoka sufuria hadi kwenye jagi, mkono mmoja juu kabisa, mwingine chini kabisa, kama mtu anayepooza chai ya mgeni mwenye haraka, akayarudisha, akayamimina tena. Uzi wa maji uling'aa juani. Kila baada ya kitambo alinusa, akatikisa kichwa, akaendelea. Mkono wake ulianza kuchoka. Mshonaji akamkabidhi Cheche mtoto, akamshika Mama kiwiko, wakamimina pamoja.

Kisha sufuria ikakaa motoni, wazi, na mvuke ukapanda. Wakasubiri yachemke, na yalipochemka yakahitaji kupoa, na kupoa kulichukua milele. Mshonaji hakumwondolea macho Kifungo mkononi mwa Cheche. Mtoto alikuwa amefumba macho. Tumbo lilikuwa linapanda na kushuka, kwa haraka kidogo kuliko alivyopenda.

Mama alinusa kwa mara ya mwisho. "Sasa ni jirani anayefua kwa mbali," alisema. Lakini hakumimina kwenye chupa. Mkono wake ulibaki hewani na jagi, na Mshonaji alijua alikuwa amesimama wapi: kando ya kisima kingine, miaka mingi nyuma, mbele ya maji meupe.

Cheche alimrudishia Mshonaji mtoto, akachukua kikombe, akakinga. "Nimekuwa nayaiba miaka yote," alisema. "Acha leo ninywe kwa ruhusa." Akanywa chote, wakimtazama. Akafuta mdomo. "Ya moto. Stoo yalikuwa matamu zaidi."

"Tungoje kwanza," Mama alisema.

Wakangoja. Cheche alikaa mbele yake makusudi, amtazame vizuri, akapiga miayo, akajikuna, akamuuliza Kinyozi kama huwa anawatoza wenye vipara nusu bei. Wakati huo maji yalikuwa yanapoa. Mwishowe Mama akashusha pumzi, akapima unga, akatikisa chupa, akaidondoshea tone mkononi kupima joto. Hakumpa mtoto yeye. Alimpa Mshonaji ile chupa.

"Wewe ndiye mama yake."

Kifungo alikataa mara ya kwanza. Midomo ilikuwa mizito, ikaiachia chuchu ya chupa, maziwa yakamtiririka kidevuni. Mshonaji alimfuta. Akajaribu tena, akampapasa shavu kwa kidole. Mtoto akafyonza mara moja, akatua kama anayekumbuka, akafyonza tena. Kisha akaishika chupa kwa mikono yote miwili na kuivuta kwa hasira ya mdai, na sauti ya kumeza kwake, gulu, gulu, ikasikika mpaka juu ya bati la jirani.

"Huyo ni ukoo wa Cheche," Kinyozi alisema. Kisha, kwa sauti ndogo kuliko yake ya kawaida: "Mama Madumu. Kuhusu ile safina. Mimi tangu asubuhi sijaweka kitu kooni."

"Wanyama kwanza, si ndivyo ulivyosema?" Mama alimjibu, lakini mkono wake ulikuwa tayari unajaza chupa tupu ya soda iliyoachwa na waashi. Cheche aliifunga kwa kamba yao ya kuning'inizia timazi ya kupimia kuta, akaizungusha, akairusha. Ilivuka mfereji, ikagonga bati. Kinyozi akaidaka kwa taulo lake.

Jua lilianza kulegea. Maji yalikuwa yamefika kwenye ngazi ya tano kutoka juu, na tangu muda hayakupanda tena. Kwa mbali injini ya mashua ilisikika, ikapotea, ikasikika tena mtaa wa pili.

"Cheche," Mama alisema, "sema neno moja nilisikie."

"Neno gani tena?"

"Unalijua."

"Mama, nimeshasema yote."

"Umesema yaliyopita. Sema yajayo. Na kwa sauti, maana miaka yote umenicheka kwa sauti."

Cheche aliangalia mbingu kama mtu anayeombwa figo. Kisha akapanda juu ya ukuta, akashika nondo, akajaza kifua, akapiga kelele juu ya mapaa yote yenye watu: "Nikichota, nitasema! Hata kijiko, nitasema!"

"Tumesikia!" paa moja lilijibu, bila kujua ni nini walichosikia.

Mshonaji alicheka, kisha akashangaa kwamba anacheka. Alifungua mdomo atoe ahadi yake pia, lakini Mama alimwekea kiganja kwenye goti.

"Wewe ulikwisha sema wakati kusema kulipokuwa na gharama," alisema. "Sasa zamu yangu." Alimtazama Kifungo aliyelala, mdomo wazi, tone la maziwa limemkaukia kidevuni. Akaligonga dumu lililopungua kwa kifundo cha kidole. Tong. Akaiacha sauti iende zake.

"Mwanangu, siku utakapokuwa na shida ya maji haya, wewe au mtoto, hata kama ni siku njema, hata kama bomba linatoka, niambie. Nitakupa kwanza. Kuuliza, nitauliza baadaye."